UKOO WA NGAMIANI 🌙

Da Rukia 08:12
Assalam aleikum ukoo. Leo mwezi 21. Vifurushi vya Idd vifungwe mwezi 27, kesho yake cha Dar kipande basi la alfajiri. Cha Muscat kuna mtu wa Hamisi anasafiri, katupa kilo 5 tu. Visheti, vileja, achari chupa 10. Kila mtu aseme anafanya nini. KILA MTU.

Da Rukia 09:40
Naona tiki za buluu. Majibu sioni.

Mjomba Shabani 09:52
Mimi naonja.

Mwanaidi Dar 09:55
😂😂 mjomba si umefunga

Mjomba Shabani 09:56
Baada ya adhana.

Da Rukia 10:03
Mjomba tafadhali. Tuko kwenye vyombo. Makopo ya maziwa ya unga ninayo 9, mawili yana kutu. Na mtu asiniletee visheti ndani ya rambo, zimepigwa marufuku tangu 2019 sijui nyie mnazitoa wapi.

Saumu 10:20
Da Rukia, yale majamanda madogo ya ukili je? Yale yenye mfuniko. Mtu akishakula anabaki na jamanda lake

Da Rukia 10:22
Jamanda linapitisha hewa. Basi halijafika Segera visheti vimeshalainika. Jamanda kwa vya mtaani, kopo kwa vya safari.

Mama Nasri 11:47
Mwaka jana vilikuwa kwenye kopo na vililainika. Nilisema vilale kwenye ungo mpaka asubuhi, shira ikauke iwe nyeupe. Mkafunika saa mbili usiku, vya moto. Mvuke wote ukabaki humo.

Hamisi Muscat 11:58
Huku tulivila kwa kijiko 😭

Mjomba Shabani 11:59
Kwani kuna aliyerudisha?

Da Rukia 12:15
Haya, vilale. Vileja nani? Mnajua vinavyovunjika. Vipangwe wima kama sarafu, karatasi kila safu, juu mjaze karatasi mpaka kopo ukilitikisa lisilie. Achari isifungwe kifuniko cha bati kitupu, chumvi na ndimu zinakula bati. Weka nailoni kwanza. Halafu juu tuvishe vipande vya kanga kama mwaka jana, vilipendeza.

Wifi Zuhura 13:20
Vilipendeza kwa nani?

Mjomba Shabani 13:26
Jamani huko Muscat joto vipi

Da Rukia 13:31
Zuhura hili nilishalieleza. Nilikuwa nakata kwa kipimo cha kifuniko, sikuangalia jina la kanga limeangukia wapi.

Wifi Zuhura 13:34
Wenzangu wote walipata maua. Mimi kifuniko changu katikati kimeandikwa HASIDI. Neno zima, hata herufi moja haikukatwa. Na wageni wangu mezani.

Mjomba Shabani 13:36
Mimi nilipata SABABU. Mwaka mzima najiuliza sababu ya nini

Mwanaidi Dar 13:36
MJOMBA 😂😂😂😂

Hamisi Muscat 13:37
Yangu HANA. nilidhani umenisema sina hela

Da Rukia 13:38
Ujumbe huu umefutwa

Wifi Zuhura 13:39
Nimeshausoma.

Saumu 14:25
Nimemsomea Bibi yote, kaniambia nisiruke kitu. Anasema niandike kama anavyotamka.

Saumu 14:33
"Ile kanga ni ya doti niliyompa marehemu mama yenu alipotoka arobaini ya Rukia. Imekaa sandukuni kwangu miaka yote hiyo. Mwaka jana nikaletewa achari, nikaliona pindo lake juu ya chupa. Nikanyamaza, ilikuwa Idd. Mkasi usiguse tena kanga humu ndani. Na chupa ya Zuhura Rukia ataipeleka mwenyewe kwa mkono wake. Asitume mtoto, asitume bodaboda. Na asingoje Idd."

Saumu 14:33
Kamaliza. Kaingia ndani kuswali.

Da Rukia 15:50
Sawa Bibi. Nilidhani ni mtumba wa kufungia vitu. Sikujua.

Mama Nasri 15:52
🤲

Mwanaidi Dar 21:41
Nimetoka tarawehe ndio nasoma. Jamani. Mama yetu.

Mwanaidi Dar 21:44
Sasa achari tutaifunga na nini?

Mama Nasri 21:50
Karatasi ya kaki, duara, uzungushe kamba ya katani shingoni mara mbili na fundo la kitanzi. Chini ya kamba unachomeka kijiti cha mdalasini. Watu wa Tanga tukanunue utepe?

Hamisi Muscat 21:53
mdalasini huku wataupenda. na halua je??

Mama Nasri 21:54
Hamisi, halua inatoka huko kwenu.

Wifi Zuhura 22:18
Katani ninayo mimi.

Da Rukia 22:31
Zuhura kesho baada ya alasiri upo?

Mjomba Shabani 23:04
Vileja bado hajasema mtu