Kwenye karata, nane ni kutaja rangi au kuruka? Nimenyimwa 4000 yangu hapa Goma kwa sheria iliyozaliwa katikati ya mchezo

Wakuu, salamu kutoka Goma. Naandika saa tano usiku, umeme hakuna, simu imebaki asilimia 9 na hasira bado haijashuka. Herufi zikiruka mtanisamehe.

Kabla hamjaniuliza mtu mzima na watoto wake alikuwa anatafuta nini kwenye karata za pesa Jumapili, nijibuni hili kwanza: kwenu, nane inafanya nini?

Maana hapa kwetu mtoto aliyekulia Majengo au Katindo analijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mchezo unaitwa uit amerikani, yaani "nane ya Kimarekani" kwa Kifaransa. Kila mtu anagawiwa saba, moja inageuzwa juu, halafu unafuata rangi au namba ya iliyoko chini. Keri juu ya keri, tano juu ya tano. Huna, unaokota. Mbili inamlisha anayefuata kadi mbili, naye akiwa na mbili yake anaipachika juu, wa tatu anakula nne. Vale (J) inamruka mtu. Ukibaki na moja unapiga kelele "Karte!", na ukisahau unaokota mbili hata kama ulikuwa unakohoa. Na NANE inaangukia juu ya chochote, aliyeitupa anataja rangi anayoitaka. Ndiyo iliyoupa mchezo jina, jamani! (Wa Dar na Zanzibar: keri ndiyo kopa yenu, karo ni uru, trefle ni pau, piki ni shupaza. Sisi majina tumeyarithi kwa Kifaransa.)

Sasa meza yenyewe. Tunacheza nyuma ya kibanda cha fundi wa chukudu (zile skuta za mbao za kubebea mizigo), juu ya ubao uliolazwa kwenye mawe ya lava. Tuko wanne: fundi mwenyewe, motari (dereva wa pikipiki) mmoja, mimi, na jamaa tunayemwita Kampala kwa sababu alikaa huko miaka akiuza nguo. Kila mtu faranga mia tano chini ya jiwe, maana upepo wa ziwa hauna adabu. Hata hapo kwenye mia tano kuna ugomvi wake. Tangu mabenki yafunge mwanzoni mwa 2025, noti zinazozunguka mjini zimechoka, nyingine zimeungwa kwa gundi ya plastiki, na kila mtu anataka kuweka ile ambayo mama wa sokoni ameikataa asubuhi. Tuliache.

Na ni mchezo wa mbio. Ukiwaza zaidi ya pumzi mbili watu wanagonga ubao, "tupa, yaya, tupa!" Kwa mwendo huo anayetaka kukuibia hahitaji ujanja mwingi, anahitaji sauti tu.

Jambo lingine, na hili lishikeni: pakiti yetu ni kongwe. Nane ya piki ilipotea zamani, badala yake kuna kipande cha boksi la sabuni kilichokatwa kwa mkasi na kuandikwa 8 kwa biki. Migongo ya zingine ni ya bluu, chenyewe ni cha kahawia. Ukikipata unakificha katikati ya wenzake. Ukiwa na kadi saba unakificha vizuri. Ukiwa na mbili, utakificha wapi?

Raundi ya kwanza ya jioni hii ilivunjwa na mvua. Pesa zikabaki chini ya jiwe, mvua ilipokatika tukaongeza mia tano tano. Jumla 4000. Mimi mambo yakaninyookea, nikabaki na mbili mkononi: dami (Q) ya karo na kile kipande cha sabuni. Chini kuna tano ya trefle. Zamu inanijia. Hesabu ilikuwa rahisi: natupa nane, nasema karo, nasema karte, zamu ikizunguka namaliza na dami. Kampala alikuwa ametoka kucheza, nikamwona macho yake yametua kwenye mkono wangu. Siyo usoni kwangu, mkononi, pale penye kahawia.

Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Lakini tunacheza matatu, si ndiyo?"

Kwa wasioijua, matatu hapa si gari. Ni karata za Uganda, na ni mchezo mzuri, sina ugomvi nao. Kule anayetaja rangi ni Asi (A). Nane inaruka tu, tena lazima ifuate rangi au namba kama kadi yoyote. Saba ya rangi iliyowekwa mwanzoni inakata mchezo na watu wanahesabu pointi mkononi: mbili ni 20, Asi ya piki ni 60. Mtu akinikaribisha kucheza hivyo kabla sijaweka pesa, nacheza.

Nikatupa nane yangu, nikasema karo, nikasema karte. Kampala: "Rudisha! Piki haiwezi kukaa juu ya trefle. Okota." Nikamkumbusha kwamba kabla ya mvua yeye mwenyewe alitupa nane ya keri juu ya tisa ya karo, akaitisha trefle, na motari ndiye aliyelia. Unajua alinijibu nini? "Ile ilikuwa raundi nyingine."

Nikamgeukia fundi, mwenye kibanda, mtu mzima tunayemwita muzehe. Muzehe akatazama chupa yake ya bia, Primus. Aliyemnunulia ile Primus ni nani? Sijibu. Motari akasema tu tuendelee, ana mteja wa kumchukua Ndosho. Nikaokota. Zamu mbili baadaye Kampala akamaliza, akainua jiwe.

Kinachonichoma ni kwamba tumeshacheza na wageni. Mwaka jana dereva wa lori kutoka Kenya alikaa palepale. Kwao nane ni swali, unaitupa na unaijibu mwenyewe kwa kadi nyingine. Alitueleza yote kabla ya kutoa senti, tukacheka, tukakubali, akatula elfu tatu. Tulimpa mkono na bado tunamsalimia kwa simu.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Anayesema nimepoteza elfu moja tu, si nne, basi nenda kasimulie hesabu hiyo kwa mke wangu, nilikuwa nimeshamwahidi sambaza (vile visamaki vya ziwani). Anayesema nisingetamka neno, nitupe tu haraka, ndugu, nilitupa haraka.

NYONGEZA YA PILI: Kampala amenitumia ujumbe, "Jumapili saa kumi, usininunie." Nitaenda. Nimeshaagiza pakiti mpya kwa mtu wa Birere, na kile kipande cha sabuni ninacho mimi mfukoni, nilikichomoa wakati anahesabu noti zangu.