Kwa nini barakoa ilitushinda hata tulipokuwa tunazika?

Mwalimu wa Mbagala

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba tujadili jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2021, wakati wa korona, na ninaomba tulijadili kwa utulivu, bila kurushiana vijembe vya vyama.

Mwezi Februari wa mwaka huo nilikuwa nikipanda daladala kila alfajiri kutoka Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo. Katika gari zima, pamoja na waliosimama hadi mlangoni, waliovaa barakoa tulikuwa wawili au watatu. Siku moja kondakta alipofika kwangu kudai nauli alinitazama usoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mwalimu, unaumwa au unatutisha?" Watu walicheka. Niliishusha barakoa hadi kidevuni, nikabaki nayo hivyo mpaka nashuka, ingawa mimi ni mtu niliyesoma biolojia na ninayeifundisha hadi leo.

Wiki hiyohiyo tulizika jirani yetu. Kila aliyesimama kusema neno alieleza kwamba marehemu alipata "changamoto ya upumuaji," na hakuna aliyethubutu kwenda mbele zaidi ya hapo, ijapokuwa tarehe 17 ya mwezi huo taifa lilikuwa limewapoteza kwa siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilishatangaza kwamba ameambukizwa korona, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Msibani watu walijipanga mstari kuwapa mkono wafiwa, mmoja baada ya mwingine. Ndoo ya maji tiririka ilikuwa kando ya geti, haina maji wala sabuni, na mtoto mmoja alikuwa ameikalia. Barakoa yangu ilikuwa mfukoni. Sikuivaa.

Najua serikali ilisema nini na lini, kwa hiyo sihitaji kukumbushwa. Ninachouliza ni kuhusu sisi wenyewe: ilikuwaje mtu aliyevaa barakoa ndiye akaonekana mwenye kosa, wakati tulikuwa tunazika? Ni elimu iliyopungua, ni woga, au kuna jambo jingine ambalo mimi silioni?

Cherehani ya Tandale

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, na jibu langu limo katika daftari la mauzo, ambalo bado ninalo.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, lakini barakoa sikuanza kuzishona hadi Aprili, wakati zile za dukani zilipopanda bei na wakazi wa Dar es Salaam walipoagizwa wavae. Nilitumia mabaki ya vitenge kwa nje na kitambaa cha pamba kwa ndani. Lastiki ilipoadimika mjini nikaweka kamba za kufunga kisogoni. Kwa wiki kadhaa nilishona barakoa tu, mashati ya watu yakasubiri. Baadaye takwimu za taifa zilikoma zikiwa zimefikia wagonjwa 509, tukasikia habari za sampuli za papai na mbuzi zilizopimwa maabara na kudaiwa kukutwa na korona, na mwezi Juni tukaambiwa ugonjwa umeondoka kwa maombi. Ukurasa wangu wa Julai hauna barakoa hata moja. Nilizobaki nazo nilizifanya vitambaa vya kupangusia mashine.

Tazama sasa mwaka 2021. Mwishoni mwa Februari, Rais Magufuli alisema akiwa kanisani kwamba serikali haikukataza barakoa, akawataka watu wavae zilizotengenezwa hapa nchini. Jumanne yake nilikuwa na foleni mlangoni. Ugonjwa ulikuwepo Jumamosi na ulikuwepo Jumanne, virusi ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mteja alikuwa amepata ruhusa ya kuogopa.

Niongeze moja ambalo lilinichekesha na kunisikitisha kwa wakati mmoja. Jirani na kibanda changu kuna ofisi ambayo mlinzi wake hakumruhusu mtu kuingia bila barakoa. Nilishuhudia kwa macho yangu mtu akitoka ndani, akaivua, akamkabidhi mwenzake aliyekuwa akingoja nje, naye akaivaa ikiwa bado na unyevunyevu wa pumzi, akaingia. Mlinzi aliona. Kwake, sharti lilikuwa limetimizwa.

Mpwani wa Mvita

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Ukisoma maelezo ya dada yetu fundi unaweza kudhani kwamba kama Tanzania ingetunga sheria kali, mambo yangekuwa tofauti. Sisi tulikuwa nayo sheria hiyo. Kuanzia Aprili 2020 kutovaa barakoa hadharani nchini Kenya lilikuwa kosa lenye faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, na marufuku ya kutoka usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020, ikaondolewa Oktoba 2021. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alizungumza na taifa karibu kila siku, na takwimu hazikufichwa.

Tulivaa? Tulivaa kwa ajili ya polisi. Katika matatu utingo alikuwa akiangalia barabara mbele, na akiona kizuizi anapaza sauti, "Barakoa juu!" Gari zima linapandisha vitambaa kutoka kidevuni, tunapita tukiwa wacha Mungu wote, na baada ya mita mia mbili vinarudi chini. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya waliwapigia watu simu, na asilimia 12 tu ndio waliokiri kwamba hawavai barakoa hadharani. Walipokwenda kuwatazama watu sokoni na njiani, waliokuwa bila barakoa walikuwa asilimia 90. Kila nikiikumbuka tofauti hiyo sioni ujinga ndani yake, kwa sababu mtu asiyejua jibu sahihi hawezi kulitoa kwenye simu. Watu walijua kila kitu.

Kwetu hapa Mji wa Kale hali ilikuwa na uchungu zaidi. Mwezi Mei 2020 mtaa wetu ulifungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi, wakaletwa wapimaji, na wengi walikataa kupimwa. Nje walituita wakaidi. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeshasikia habari za karantini za lazima ambazo mwanzoni watu walitakiwa kuzilipia wenyewe, na mtu wa kibarua akipiga hesabu ya siku 14 huona afadhali asijue. Basi barakoa nayo ikaingia katika fungu lilelile la vitu vya serikali, pamoja na rungu na faini, na kitu kikishaingia humo hakuna anayekivaa akiwa peke yake na mjomba wake sebuleni, mahali ambapo hasa ndipo alipoambukizwa.

Muuguzi Mstaafu

Nimewasoma nyote, na ninakubaliana na mengi, lakini wenzangu wa sekta ya afya hatuwezi kukaa pembeni kama watazamaji. Sisi nasi tuliwachanganya watu.

Miezi ya mwanzo Shirika la Afya Duniani lilikuwa likieleza kwamba barakoa ni kwa mgonjwa na anayemhudumia, na sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba zitakwisha hospitalini. Mimi mwenyewe niliwaambia wagonjwa wangu maneno hayo. Tarehe 5 Juni 2020 shirika hilohilo lilibadilisha mwongozo na kupendekeza barakoa za kitambaa zenye tabaka tatu kwa watu wote mahali ambapo haiwezekani kukaa mbalimbali. Sayansi ina haki ya kubadilika kila ushahidi unapoongezeka, ila mama aliyeniona Machi nikisema hivi na Juni nikisema vile hakuiita sayansi. Alisema, "Nesi, nyie wenyewe hamjui."

Liko jingine la zamani kuliko korona. Katika zahanati zetu, kwa miaka mingi kabla ya 2020, mgonjwa aliyepewa barakoa alikuwa yule wa kifua kikuu. Alikaa benchi la mwisho karibu na dirisha, na kila aliyeingia alijua ana nini. Barakoa ilipoagizwa kwa wote ilikuja na aibu yake mgongoni. Kwa hiyo, Mwalimu, yule kondakta alipokuuliza kama unaumwa, inawezekana hakuwa anakukejeli tu. Alikuwa anaisoma alama kama alivyofundishwa na kliniki zetu.

Kuhusu kama inasaidia: huko Bangladesh lilifanyika jaribio kubwa katika vijiji 600 hivi, ambako uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42 baada ya watu kugawiwa barakoa bure, kuelezwa, na kukumbushwa kwa upole barabarani. Maambukizi yenye dalili yalipungua kwa takribani asilimia 11 katika vijiji vilivyogawiwa zile za hospitali, zaidi kwa wazee, ilhali kwa zile za kitambaa faida haikuonekana waziwazi. Fundi wetu asinune. Ninachotaka mkione ni kwamba hata baada ya juhudi zote hizo, bila rungu na kwa hisani, zaidi ya nusu ya watu hawakuvaa. Si tabia ya Mswahili peke yake.

Na tuseme kweli, kitu chenyewe kinasumbua. Dirishani pa dawa nilikuwa na wazee wasiosikia vizuri, ambao kumbe miaka yote walikuwa wakinisoma midomo. Mara ngapi nimeishusha barakoa nikarudia, "Baba, kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni," halafu nikaipandisha tena, huku bango la kukataza hilo likiwa limebandikwa juu ya kichwa changu.

Machinga wa Manzese

Heshima kwenu, ila naona mnazungumza kama watu wenye mshahara. Mwaka 2020 daladala zilipoamriwa kubeba abiria waliokaa tu, ile tuliyoita "level siti," ndani ya gari palikuwa na nafasi na kituoni tulibanana watu mia mbili tukigombea mlango. Nani alikuwa anakingwa hapo? Barakoa ya shilingi elfu moja ilikuwa mtaji wangu wa maji ya chupa kwa siku. Nilikuwa na moja, nikaifua usiku, asubuhi naivaa mbichi.

Pia hakuna aliyetaja nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani chini ya blanketi. Mnapenda kuonyesha kwamba tuliokosa barakoa tulikaa tu, kumbe tulihangaika kwa tulichokuwa nacho: majani ya mkaratusi, mchaichai, mlimao na mwarobaini, tangawizi asubuhi na jioni. Mnaweza kusema haikutibu. Sawa. Lakini ilikuwa tahadhari ambayo mama yangu aliielewa, aliyoifanya kwa mikono yake na ambayo haikuhitaji mlinzi getini.

Muuguzi Mstaafu

Mdogo wangu, umesema kweli kuhusu kituo cha daladala, na sina la kukujibu hapo. Kuhusu nyungu sikudharau, maana hata mimi nilijifukiza. Hofu yangu ilikuwa lile blanketi: niliwapokea watoto walioungua kwa maji ya moto, na niliona familia ya watu 5 ikijifunika pamoja, mmoja wao akikohoa, wakivuta pumzi za mwenzao kwa dakika 15 huku wakiamini wanajikinga.

Mwalimu wa Mbagala

Nawashukuru. Maneno ya fundi kuhusu ruhusa ya kuogopa yamenigusa kuliko yote, kwa sababu nikiangalia nyuma naona nilianza kuvaa bila haya pale Rais Samia alipoanza kuonekana amevaa, na chanjo niliichoma baada ya yeye kuchanjwa mbele ya kamera tarehe 28 Julai 2021. Somo la virusi nilikuwa nalo kichwani muda wote. Lakini bado napata shida na msiba. Serikali haikutuambia tupeane mikono. Hilo tulilifanya kwa hiari yetu. Je, kuna aliyewahi kuona jamii yetu ikiacha mkono wa pole bila kulazimishwa?

Mwana wa Bukoba

Mwalimu, mimi nimeona. Tarehe 21 Machi 2023 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Bukoba Vijijini ni Marburg. Waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6, mmoja wao mhudumu wa afya, na mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Najua Marburg husambaa kwa kugusana na majimaji ya mwili, hauendi kwa hewa kama korona, na unaua haraka kiasi kwamba kila mtu anamjua aliyekufa, kwa hiyo sidai kwamba mambo haya mawili ni sawa. Ila safari hiyo ugonjwa ulipewa jina lake mapema, na jina hilo lilisemwa redioni, kanisani, msikitini na kwenye kikao cha kitongoji, lilelile moja.

Nilikuwa nyumbani likizo. Kwa desturi yetu mkubwa hapitwi hivihivi: unapiga goti, unaamkia, unapokea mkono wake. Jirani yetu alifiwa na mkewe kwa maradhi mengine kabisa, ya moyo, lakini hatukushikana. Mzee alikaa barazani, fimbo ameilaza juu ya magoti. Kila aliyefika alisimama hatua tatu mbele yake, akapiga goti palepale kwenye vumbi akasema pole, na mzee akainua fimbo kidogo kuitikia. Akina mama waliotoka Muleba, ambao hawakuwa wameelezwa na mtu, walitazama wa mbele yao wakafanya vivyo hivyo. Jioni kijana mmoja aliyetoka mjini alisogea akanyoosha mkono, na mzee akaiweka fimbo katikati yao wawili, bila neno. Hakuna aliyemuuliza kama anaumwa au anatutisha.