Karatasi ya mahudhurio ikigeuzwa kuwa ridhaa, inakubalika?

Karani
Wadau, naombeni msaada. Nilipata kibarua cha kuandika muhtasari kwenye mkutano wa kampuni moja na jamii ya watu wa asili, habari ya kuchimba madini kwenye ardhi yao. Wataalamu walizungumza saa moja na nusu, mkalimani akifupisha kila dakika kumi kwa sentensi mbili. Mama mmoja akauliza, makaburi yatabaki upande gani wa uzio? Akaambiwa, "Hilo tutalifikia." Halikufikiwa. Mwishoni nikapitisha karatasi ya mahudhurio: jina na saini, asiyeandika akabonyeza dole gumba.

Juzi nimeletewa ripoti nihakiki tahajia. Karatasi ni ile ile, hata namba za pembeni ni mwandiko wangu, ila kichwa kimebadilishwa: "Walioridhia Mradi". Hiyo ni ridhaa kweli?

Msomasheria
Siyo, ndugu yangu. Ibara ya 32 ya Tamko la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili inataka ridhaa itafutwe kabla mradi haujaidhinishwa, watu wakiwa huru na wameelewa, tena kupitia vyombo vyao wenyewe vya uwakilishi. Siyo kwa yeyote aliyepita mlangoni.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Kwa Wasarayaku, watu wa asili wa Ecuador, kampuni ya mafuta ilipeleka matibabu. Ili utibiwe, unasaini orodha. Baadaye orodha ikawa barua ya kuiunga mkono kampuni. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliitia serikali hatiani, ikasema kushauriana na watu ni wajibu wa dola, haiwezi kuiachia kampuni.

Mbishi
Tamko si mkataba, halimfungi mtu. Na hawa wakiulizwa kweli kweli, si watakataa kila kitu?

Msomasheria
Tamko si mkataba, hapo sibishi. Ila Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1989, unaohusu watu wa asili, unazifunga nchi zilizouridhia. Na wakikataa, wamekataa. Kwenye milima ya Niyamgiri, India, mwaka 2013 mabaraza 12 ya vijiji yaliulizwa kuhusu kuchimba boksiti, madini ya kutengenezea alumini, kwa amri ya Mahakama ya Juu. Yote 12 yakasema hapana.

Karani, muhtasari wako wa awali unao?

Karani
Ninao, na daftari pia. Swali la makaburi nililiandika. Kwenye ripoti halimo. Tahajia nimekataa kuihakiki, na malipo yaliyobaki nadhani ndiyo yameshakwenda. Nakala nawapelekea wazee wa baraza lao kesho asubuhi, pamoja na mkalimani mwingine wa kuwasomea yote.