RS au Falsafa kwa A-level? Binti anachagua wiki hii

MamaNuru
Jamani naombeni ushauri wa haraka. Tupo Uingereza, binti anamaliza GCSE, ndo kama form four ya kwetu, na anatakiwa achague masomo matatu ya A-level. Kemia na baiolojia kashaweka maana anautaka udaktari, la tatu ndo vita. Yeye kang'ang'ania RS (Religious Studies), ile wanaita dini, falsafa na maadili, shoga yake anamvuta aende Falsafa yenyewe, baba yake anasema yote hayo ni soga za barazani achukue hisabati. Mie nilisoma HKL Tanga, dini niliifanya O-level kwa kukariri mistari basi. Nani mwanawe kapitia huku?

mzee_wa_Leicester
Hisabati.

kijana_wa_pwani
Shikamoo mama. Mi nimefanya RS ya OCR, bodi ya mitihani. Karatasi tatu, kila moja saa 2: falsafa ya dini, maadili, halafu fikra za dini moja. Kila karatasi una insha 3 kati ya 4, maksi 40 kila insha, na hapo ndo watu wanaangukia pua coz kwenye hizo 40, za kujua mambo ni 16 tu, 24 zote ni za kupima hoja. Mi insha yangu ya kwanza nilimmwaga Aquinas, yule mtawa mwenye hoja za kuwa Mungu yupo, kuanzia sababu ya kwanza mpaka mwisho, kurasa nne mkono unauma, nikapata 14. Mwalimu kaandika pembeni kwa kalamu ya kijani, "Na wewe unasemaje?" Nikaona kanionea, kumbe ndo mtihani wenyewe huo. So kama dada ni wa kukariri atateseka, kama ni mbishi ataenjoi.

MamaNuru
Marahaba baba. Mbishi? Huyu akiambiwa aoshe vyombo anakuuliza wajibu unatoka wapi 😂

ticha_mstaafu
Basi huyo Kant, mwanafalsafa wa wajibu, keshamwingia. Dada, watu wanadhani Falsafa ni RS iliyotolewa Mungu, sivyo. Mungu yumo, ni mada moja kati ya nne, nyingine ni maarifa, maadili na akili. Bodi inayotoa A-level ya Falsafa ni AQA peke yake, karatasi mbili za saa 3, maswali ya maksi 3, 5, 12 na 25. Lile la maksi 3 unatoa maana ya kitu kwa sentensi moja mbili zilizonyooka, ukizungukazunguka umeumia. RS inataka pumzi ya insha, Falsafa inataka mkono wa fundi saa. Hoja ya Anselm ya kuonyesha Mungu yupo ipo kote kote, tatizo la uovu (Mungu mwema, mbona maovu yapo?) vilevile, ila RS itamuuliza pia kuhusu Bonhoeffer, mchungaji aliyempinga Hitler, au teolojia ya ukombozi, ile ya kuwatetea maskini, kama shule inafundisha Ukristo. Upande wa maadili RS ya OCR wana yutanasia (kumsaidia mgonjwa afe) na biashara, wa Falsafa wana kuiba, kudanganya, kula wanyama, mpaka kuua ndani ya gemu, watoto wa kiume hapo ndo wanaamka.

Kwa udaktari, alama ya A ni pointi 48 za UCAS, wale wa maombi ya vyuo vikuu, iwe hili iwe lile. Ila kwenye intavyu akiulizwa mgonjwa anayeomba kufa, wa RS keshaandika insha tatu juu ya hilo.

Zuhura_R
Na imani je? Mie nna hofu mtoto ataingia Muislamu atoke hajui alipo. Na hiyo dini ya karatasi ya tatu kwa nini iwe Ukristo?

kijana_wa_pwani
Da Zuhura, OCR wana Uislamu, Uyahudi, Ubudha na Uhindu pia, ila darasani shule ndo inaamua, wengi wanaenda Ukristo kwa sababu walimu ndo wanaoujua. Imani yangu mbona ipo, tena sasa hivi mtu akinibana najua pa kushika. Mwenzangu mmoja aliacha kwenda kanisani, lakini huyo hata kabla alikuwa anaenda kwa sababu ya pilau ya baada ya ibada.

mzee_wa_Leicester
Pilau nayo ni hoja. Hisabati lakini.

MamaNuru
Ahsanteni sana. Jana usiku nikamjaribu, nikamsomea hoja ya Anselm kwa Kiswahili changu: Mungu ni yule ambaye hakuna mkubwa zaidi anayeweza kufikirika, na aliyepo kweli ni mkubwa kuliko wa mawazoni tu, basi yupo. Kaacha chapati mkononi. "Mama, si tayari umeshaweka jibu ndani ya maana?" Akakaa akachora visanduku na mishale kwenye bahasha ya bili ya umeme, hakuandika hata sentensi moja ndefu. Ticha, huyo si ndo fundi saa wako? Tatizo sasa shule yetu RS ipo, Falsafa hawana, yenye Falsafa ni mabasi mawili. Kuna anayejua nauli ya wanafunzi wa miaka 16 ikoje?

mzee_wa_Leicester
Inategemea na mji, uliza kampuni ya basi ya hapo kwenu. Na visanduku na mishale ni hisabati hiyo, mwambie baba yake.