Tupeane uzoefu: uliongezaje muda wa kukaa ugenini kihalali siku zilipokaribia kuisha?

Wakuu, habari za majukumu.

Nafungua uzi huu kwa sababu naona ndugu zetu wanaharibu safari zao za mbele kwa jambo ambalo dawa yake ni fomu na ada. Mtu kaenda matembezi, kutibiwa au kufuata mzigo. Siku zinakaribia kuisha, anamuuliza rafiki aliyetangulia, anajibiwa "kaa tu, utalipa faini uwanja wa ndege". Faini atalipa kweli, ila jina linabaki kwenye mfumo, na safari ijayo akikaa mbele ya afisa wa ubalozi hilo ndilo swali la kwanza.

Naomba waliopita njia halali watueleze: nchi gani, ulikwenda ofisi gani, walitaka karatasi zipi. Wanaotafuta mbinu za kujificha, hapa si mahali pake.

Naanza mimi na China. Nilikuwa Guangzhou kwa viza ya biashara, nimeagiza samani kiwanda kimoja cha Foshan. Kiwanda kikachelewa, na mimi siondoki kabla ya kukagua mzigo, maana ukishapanda ndege makochi yatakayopakiwa kwenye kontena si yale uliyoyakalia. Sheria ya kule inataka uombe nyongeza si chini ya siku 7 kabla ya muda wako kuisha, kwenye ofisi ya polisi, kitengo cha kuingia na kutoka nchini. Ukienda jana yake umechelewa.

Dirishani, kitu cha kwanza kuangaliwa hakikuwa viza. Yule dada alichukua karatasi ya usajili wa makazi, ile inayotokana na kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 tangu ufike. Ukikaa hotelini wanakuandikisha wao. Ukifikia kwa rafiki unakwenda kituoni mwenyewe. Akapitisha kidole kwenye anwani, jengo, ghorofa, mpaka namba ya chumba, akalinganisha na nilichojaza kwenye fomu, ndipo akafungua pasipoti. Baada ya hapo akataka barua ya kiwanda inayoeleza kwa nini bado nahitajika, yenye mhuri mwekundu wa kampuni. Barua isiyo na ule mhuri hawaipokei. Pasipoti ikabaki kwao, nikapewa risiti, nikawa natembea nayo kila niendapo kama ndiyo pasipoti yenyewe.

Nyongeza yao haizidi siku ulizopewa mwanzo. Na anayezidisha bila kibali, faini ni yuan 500 kwa siku hadi 10,000, au anawekwa mahabusu siku 5 mpaka 15. Mfanyabiashara gani ana muda huo?

Karibuni.

Bint_Likoni:
Asante kwa uzi huu, mleta mada. Mimi naishi Marekani, mamangu mzazi alikuja kutoka Mombasa mwaka 2022 nilipojifungua. Viza yake ilikuwa ya miaka 5, na ndugu huko nyumbani wakawa wanamwambia basi ana miaka 5 ya kukaa. Jamani, hili naomba lieleweke vizuri: viza ni ruhusa ya kufika mlangoni na kuomba kuingia. Muda wa kukaa anaupanga afisa siku unayotua, na unaandikwa kwenye kumbukumbu inayoitwa I-94, ambayo unaweza kuifungua mtandaoni na kuichapisha. Mgeni wa matembezi kwa kawaida hupewa miezi 6.

Mimi nilijifungua kwa upasuaji na kidonda kikasumbua, nikawa siwezi hata kumbeba mtoto. Tukaomba nyongeza kwa fomu I-539. Ushauri wa wenyewe USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ni uwasilishe angalau siku 45 kabla ya tarehe ya I-94. Tuliambatanisha barua ya daktari wangu, barua ya mama mwenyewe akieleza kwa nini anabaki na lini anarudi, tiketi ya kurudi, taarifa ya benki ya mume wangu kuonyesha nani anamlisha, nakala ya pasipoti ambayo bado ina muda, na hati ya nyumba ya mama pamoja na barua ya kikundi chao cha kina mama kuonyesha ana cha kurudia. Mama aliandika barua yake kwa Kiswahili kwa mkono wake, tukaifasiri na mfasiri akathibitisha kwa saini. Ada tangu Aprili 2024 ni dola 420 ukijaza mtandaoni na 470 ukituma karatasi.

Jibu huchukua miezi. Ukiwa uliwasilisha kabla ya tarehe kuisha na hufanyi kazi, siku za kusubiri hazihesabiwi kuwa umekaa bila kibali. Mama aliondoka ombi likiwa bado halijajibiwa, nikamwekea nakala ya risiti kwenye mkoba na kumwambia asiitupe kamwe.

Mzee wa Posta:
Dada Bint_Likoni, ubarikiwe. Hebu waambie na adhabu ya kuzidisha, maana kuna watu hawaamini.

Bint_Likoni:
Ukizidisha zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, miaka 3 huruhusiwi kurudi. Ukifikisha mwaka mzima, ni miaka 10. Nina jirani ambaye mama yake alipitiliza kwa kudhani viza ndiyo muda. Harusi ya mjukuu wake aliitazama kwenye simu akiwa Kitale. Hakuna aliyekusudia vibaya pale, ila tarehe hakuna aliyeitazama.

Chui Mtulivu:
Thailand ni rahisi, naeleza kwa ufupi. Viza ya utalii ya siku 60, ukiomba uhamiaji wanakuongezea 30. Fomu TM.7, picha moja, nakala za kurasa za pasipoti, baht 1,900. Bangkok ofisi iko Chaeng Watthana. Kitu cha kuangalia ni TM.30: mwenye nyumba anatakiwa awe ametoa taarifa kwamba umefikia kwake. Kama umepanga chumba kwa mtu binafsi, muulize siku ileile unayopokea ufunguo. Faini ya kuzidisha ni baht 500 kwa siku, mwisho 20,000, na wanaopitisha siku 90 wanafungiwa kurudi.

Mtu wa Pemba:
Je, Dubai? Shangazi yangu yuko kule kwa viza ya matembezi, wakala kamwambia asubiri tu, kuna siku 10 za hisani baada ya muda kuisha.

Jahazi la Asubuhi:
Mkuu, mwambie shangazi asimsikilize. Zile siku 10 zilikuwapo zamani, zikaondolewa mwaka 2023. Faini ni dirhamu 50 kwa siku. Tena lipo ambalo watu hawalijui: kampuni iliyokuombea viza ndiyo mdhamini wako. Ukipitiliza, inaweza kukuripoti kwamba umetoroka, na hapo umeshatoka kwenye faini, umeingia kwenye orodha ya waliozuiwa. Mimi niliongeza siku 30 nikiwa ndani, kupitia kampuni ileile iliyoniombea mwanzo, na nilianza kuwasumbua mapema kwa sababu wana wateja wengi na hawakumbuki tarehe ya mtu. Mwambie aombe apewe hati ya nyongeza yenyewe. Ujumbe wa "tayari dada" kwenye WhatsApp asiukubali.

Na Maskati nako ni hivyohivyo, Wazanzibari wanaokwenda kwa jamaa wajue faini ni riali 10 kwa siku. Familia ya watu watano ikizidisha wiki moja, hiyo ni riali 350.

Msindikizaji:
Naomba niseme ya India, kwa sababu wagonjwa wetu ni wengi na msindikizaji husahaulika.

Nilimpeleka baba Chennai, moyo. Yeye viza ya matibabu inayoombwa mtandaoni, mimi ya msindikizaji, siku 60. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Baada ya upasuaji baba akapata maji kwenye mapafu, daktari akasema hakuna kupanda ndege. Hospitali wakaandaa barua, na mimi nusura niridhike kwamba tumemaliza. Nesi wa kitengo cha wagonjwa wa nje ya nchi ndiye aliyeniuliza: "Na yako?" Kumbe kila pasipoti ina ombi lake. Barua ya daktari inatakiwa itaje mgonjwa, ugonjwa, muda uliobaki wa matibabu, na pia imtaje msindikizaji kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti.

Maombi yanakwenda mtandaoni, mfumo unaitwa e-FRRO. Wanataka pia Fomu C, ambayo mwenye nyumba ya wageni hujaza unapofikia kwake. Sisi tulikuwa tumehama nyumba kufuata ya bei nafuu karibu na hospitali, ikabidi mwenye nyumba mpya ajaze upya kwanza. Ofisini hatukuitwa, majibu yalikuja kwa barua pepe, nikayachapisha nakala tatu. Baba alilala vizuri usiku ule kuliko hata siku alipotolewa mashine.

Mkaazi wa Köln:
Kwa Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, msijipe matumaini ya kuongeza kwa sababu ya kupenda mji. Ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na nyongeza hutolewa kwa dharura ya kweli: ugonjwa, msiba, safari kukwama. Dharura isiyozuilika na sababu za kibinadamu hazina ada. Sababu nzito za kibinafsi ni euro 30. Mama mkwe wangu alilazwa wiki ya mwisho ya ziara yake; ofisi ya wageni ilitaka barua ya hospitali na bima ya safari iliyoongezwa kufikia tarehe mpya. Bima tuliiongeza kabla ya kwenda, na ndiyo karatasi waliyoomba kwanza.

Mtu wa Pemba:
Shukrani sana wote. Nimeongea na shangazi sasa hivi, bado ana siku 9. Kesho asubuhi anakwenda kwa wakala kudai nyongeza na hati yake mkononi.

Mleta mada:
Vizuri sana mkuu, aende na pasipoti na nakala ya viza. Wa Uturuki na Afrika Kusini bado tunawasubiri.