Tupeane uzoefu: maandishi ya kukatwa kwenye mabango, ni kazi gani imekutesa?

FundiWaBango:
Jamani, leo nimepita Mwembe Tayari nikaona bango la mashindano ya mpira ukutani. Jina la timu limekatwa mshazari, nusu ya juu imesogezwa kulia, na penye mkato pamewekwa kivuli, basi herufi zaonekana zimechomoka. Fundi uliyeifanya, popote ulipo, mkono wako una baraka. Nikakumbuka kazi zote nilizopambana nazo kwa mtindo huu, na wateja wake. Siku hizi kila mtu, wa harusi, wa siasa, wa duka la simu, anakuja na picha kwenye simu yake: "nataka maandishi yakatwe hivi." Haya, tupeane uzoefu. Ni ipi ilikutesa, na wewe huikata vipi?

KijanaWaKisauni:
Anza wewe mwenye uzi. Tupe njia yako, usitunyime.

Ruwaza_Bamburi:
Huu mtindo umenichosha na ndio unaonilisha.

FundiWaBango:
Haya, natumia Photoshop, programu ya kompyuta ya kutengeneza picha. Chagua fonti nene isiyo na madoido, Anton au Bebas Neue, herufi zikaribiane. Herufi nyembamba ukiikata haibaki na kitu. Leya (tabaka) ya maandishi igeuze iwe smati objekti, yaani kifurushi unachoweza kukifungua baadaye ukasahihisha maandishi, kisha Ctrl+J upate kopi ya pili. Chukua lasso ya mistari iliyonyooka, ile zana ya kuteua eneo, bofya nje ya neno upande wa kushoto, vuka neno lote hadi nje upande wa kulia juu kidogo, halafu zunguka kwa juu urudi ulipoanzia. Kwenye kopi ya juu bofya alama ya maski, ambayo huficha sehemu ya leya bila kuifuta, itabaki nusu ya juu peke yake. Sasa shika Ctrl ubofye ile maski, uteuzi utarudi. Nenda leya ya chini, shika Alt ubofye alama ya maski, itabaki nusu ya chini. Hapo una vipande viwili, sogeza kimoja kwa mishale ya kibodi. Ukishika Shift kinaruka pikseli 10 kwa mara moja.

Kivuli: leya mpya juu ya nusu ya chini, ibane kwa Ctrl+Alt+G, brashi laini nyeusi, pitisha kando ya mkato, kisha punguza ukali wake. Basi.

Mkato_Mmoja:
Safari yote hiyo ya nini? Geuza maandishi yawe picha, chora kwa lasso, Shift+Ctrl+J, kipande kimekatika kiko kwenye leya yake. Nimemaliza wewe bado unatafuta maski.

FundiWaBango:
Na mteja akirudi akisema jina lina H mbili?

Mkato_Mmoja:
Naandika upya. Kwani kuandika ni adhabu?

FundiWaBango:
Unaandika upya, unakata upya, unapanga kivuli upya, na mshazari hautarudi palepale. Mimi nafungua ile smati objekti, nasahihisha, nahifadhi, nusu zote mbili zinabadilika zenyewe. Unawafunza vijana kuua maandishi yakiwa hai.

Mkato_Mmoja:
Vijana wapate kwanza hela ya kula, hayo ya maandishi kuwa hai tutayaona baadaye.

Ruwaza_Bamburi:
Ila FundiWaBango, sema na hili: ukibadilisha jina fupi kuwa refu mle ndani, linakatika mwisho, kwa sababu turubai ya mle ni ya kipimo cha jina la kwanza. Watu wanadhani faili imeharibika. Nenda kwenye menyu ya Image, bofya Reveal All, halafu uhifadhi.

FundiWaBango:
Kweli kabisa. Ahsante.

Bi_Asumini:
Mmenikumbusha jambo, wallahi mkono wangu unatetemeka kuandika. Nilikuwa na kazi ya harusi, bango la mlangoni la usiku wa kupamba. Dada wa bwana harusi ndiye aliyekuwa akinitumia maagizo. Akaniletea mfano, jina la bibi harusi na la bwana harusi kwa herufi kubwa za dhahabu, yamekatwa katikati mshazari mmoja unaopita yote mawili, kwa nyuma kitambaa cha zambarau. Akasema hivyo hivyo, usibadilishe. Nikafanya. Nikamtumia akaona, akapenda, akaniwekea na mioyo. Duka likaprinti, bango likapelekwa ukumbini.

Saa kumi jioni simu. Si yule dada, ni sauti ya mtu mzima, haina salamu: "Wewe ndiye uliyemkata mjukuu wangu?"

Nikapanda tuktuk nikaenda. Naingia ukumbini, bango limeshushwa limelazwa juu ya meza mbili, na nyanya wa bibi harusi amesimama mbele yake amejifunga leso. Watu kimya. Akanyoosha kidole akakipitisha polepole juu ya ule mkato, kutoka herufi ya kwanza ya jina la mjukuu wake hadi ya mwisho ya jina la mume. Hakuacha hata moja. Akasema, "Siku ya kuungwa, nyinyi mwawatenga. Jina la biharusi halikatwi. Nani kawafunza haya?" Yule dada aliyeniagiza yuko pembeni anaangalia chini, hasemi neno. Mamake bibi harusi ameanza kulia. Kuna mama mmoja akasema ni urembo tu wa kisasa bi mkubwa, akaambiwa anyamaze.

Mimi sikubishana. Nilimwambia, "Shikamoo nyanya, nipe muda mpaka magharibi." Nina laptopu kwenye mkoba. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma karibu na wapishi. Na hapa FundiWaBango nakuunga mkono kwa roho yangu yote, kwa sababu majina yalikuwa hai. Nikafuta maski, majina yakarudi mazima. Ule mkato nikauhamishia kwenye neno KARIBUNI hapo juu, ili yule dada naye apate alichotaka. Duka la kuprinti, silitaji, walikuwa wanafunga, nikawaomba, nikalipa zaidi, na hela hiyo sikurudishiwa na mtu hadi leo.

Bango likatundikwa wageni washaanza kuingia. Nyanya akaja akasoma jina moja moja kwa sauti. Akauliza, "Hili karibuni mbona limekatika?" Nikamwambia hilo ni la mlango, si la mtu. Akakubali.

KijanaWaKisauni:
Yaa Rabbi! "Wewe ndiye uliyemkata mjukuu wangu." Ningezima simu nihamie Lamu.

MwanaMvita:
Dada Asumini pole sana. Mimi huyo aliyekuagiza akanyamaza ndiye aliyeniuma. Ulimdai?

Bi_Asumini:
Nilidai. Aliniambia nimuulize nyanya.

Mpwani_Wa_Leo:
Samahani lakini huo ni ushirikina. Bango ni karatasi. Herufi zikikatwa ndoa haikatiki. Tunawapa wazee nguvu ya kuharibu kazi za watu.

MwanaMvita:
Mpwani adabu. Huyo ni nyanya wa watu siku ya harusi ya mjukuu wake. Bango ni lao, ukumbi ni wao, jina ni lao. Fundi ni mgeni humo.

Mpwani_Wa_Leo:
Sijamtukana mtu. Nasema kazi ilikuwa imekubaliwa na imelipwa.

MwanaMvita:
Imekubaliwa na nani? Na shemeji! Kazi ya harusi idhini yake inatoka kwa wazee wa pande mbili. Nani hajui hilo hapa Mombasa?

Ruwaza_Bamburi:
Mimi sheria yangu ni hii: jina la tamasha kata, jina la duka kata, jina la timu kata. Jina la mtu liache zima. Na bango la tanzia usithubutu, hata mteja mwenyewe akiomba.

Mkato_Mmoja:
Wanasiasa je? Hao hupenda sana kukatwa.

Ruwaza_Bamburi:
Hao kata, ila wasomeke. Nimewahi kuona bango la mgombea pale Buxton mkato umepita juu mno, E imefanana na L. Kuna jambo fundi wengi hawalitazami: herufi hujulikana zaidi kwa nusu ya juu. Chukua karatasi ufunike nusu ya chini ya mstari wowote, utasoma. Funika nusu ya juu, utakwama. Kwa hiyo mkato upitishe chini ya katikati, na kipande cha juu kibaki kinene.

Khati_na_Kalamu:
Na walio kwenye kazi za maulidi, tafadhali sana. Maandishi ya Kiarabu hayakatwi kwa mtindo huu. Herufi zake zimeshikana, na nukta ndiyo inayotofautisha ba na ta na tha. Mkato ukipita kwenye nukta, au kipande kikisogea nukta ikakaa juu ya herufi ya jirani, neno limekuwa jingine. Nimeliona bango limetundikwa barabarani na jina tukufu limevurugwa namna hiyo, nikalazimika kumtafuta mwenye kazi alishushe. Hilo si la mzaha. Na kabla hata ya kukata, kama Photoshop yako ni ya zamani, hakikisha imewekwa mpangilio wa lugha za Mashariki ya Kati kwenye mapendeleo ya maandishi. La sivyo herufi zinaachana na zinakwenda kinyume, kushoto kwenda kulia, na asiyesoma Kiarabu hatajua.

FundiWaBango:
Maalim ahsante. Hata kwa herufi za Kilatini, jina kama Abdallah mimi silikati.

Mpwani_Wa_Leo:
Hapo naafiki.

MzeeWaBrashi:
Vijana nawasoma. Mimi nilikuwa nachora matatu za Likoni na Changamwe kwa mkono, kabla ya haya yote. Maandishi ya kukatwa tuliyafanya sana. Unakata stensili ya neno, unabandika utepe mshazari kwenye bodi ya gari, unapaka sehemu ya juu. Ikikauka unahamisha utepe, unatelezesha stensili kidogo, unapaka ya chini. Kivuli ni brashi kavu, rangi nyeusi uliyoichanganya na rangi ya neno lenyewe kidogo, kwa sababu nyeusi tupu huonekana ni uchafu. Shida ilikuwa jua. Rangi ya mafuta hukauka juu, chini bado mbichi, ukibandua utepe mapema unatoka na ngozi ya herufi. Ilipokuja sheria ya matatu ya waziri Michuki mwaka 2004, kila gari mstari wa manjano, kazi ikapungua, wengi wetu tukahamia mbao za maduka.

Nataka niwaambie jambo moja. Sogezeni kipande kwa kufuata mkato wenyewe. Wengi naona mnasogeza kulia tu. Mkato ukiwa umepanda, kipande cha juu ukikisukuma kulia moja kwa moja kinalalia cha chini. Ukikisukuma kushoto panaachama. Kikipanda na mshazari wake kinateleza vizuri, ukingo unabaki umeshikana.

KijanaWaKisauni:
Shikamoo mzee wangu. Hilo la kuteleza na mshazari limenitatulia shida ya mwaka mzima.

MzeeWaBrashi:
Marahaba mwanangu. Na ile nyeusi msiisahau, changanyeni.

FundiWaBango:
Mzee, kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Nachukua rangi ya neno naitia giza, natumia hiyo badala ya nyeusi. Naapa inabadilika.

Mtwapa_Saiba:
Yangu ni fupi. Nimekata jina lenye herufi kumi na mbili, vipande vitatu kila moja, vivuli vyote, stima ikapotea. Nani alisema kazi hii ni ya kukaa kivulini.

Ruwaza_Bamburi:
Photoshop inahifadhi nakala ya dharura yenyewe kila dakika 10. Ingia kwenye mapendeleo uishushe iwe dakika 5.

Mkato_Mmoja:
Au nunua laptopu yenye betri inayofanya kazi.

Mtwapa_Saiba:
Ningekuwa na hela ya betri ningekuwa saiba, kwenye kompyuta za kukodi?

Sina_Kompyuta:
Na sisi wa simu? Niko Majengo, nafanya kazi zote kwa simu, wateja ninao.

Bi_Asumini:
Andika neno kwenye programu yoyote unayotumia, lihifadhi kama picha, uliingize mara mbili kwenye kazi yako. Moja ipunguze kwa chini, nyingine ipunguze kwa juu, zikutanishe, usogeze. Ukitaka mshazari, zungusha neno kwanza, hifadhi, kata, kisha lirudishe. Au fungua Photopea kwenye kivinjari cha simu, ni bure na inafungua faili za Photoshop. Vidole vitakusumbua kwa udogo wa kioo lakini inafanya.

KijanaWaKisauni:
GIMP pia ni bure kama una kompyuta ya kuazima. Kwenye 2.10 ukikata na kubandika, kipande huelea kwanza, kigeuze kuwa leya mpya kabla hujagusa chochote.

Sina_Kompyuta:
Ahsanteni. Na rangi mbili tofauti, juu nyekundu chini samawati, inakubali?

Ruwaza_Bamburi:
Kwenye simu inapendeza. Kwenye bango la nje, hapa kwetu jua linakula nyekundu kwanza, baada ya muda nusu ya juu imepauka na ya chini imebaki na nguvu. Mteja anarudi anasema umemfanyia kazi nusu. Na ukumbuke nyekundu ya kioo ikiingia kwenye wino wa CMYK, wa kuprinti, inafifia, usimwonyeshe mteja kwa simu ukamwahidi ile ile.

Sina_Kompyuta:
Basi nitumie rangi moja. Swali la mwisho, hii ni stika ya nyuma ya tuktuk, jina la duka. Nikate vipande vingapi?

FundiWaBango:
Viwili. Tuktuk inakwenda, msomaji yuko nyuma kwenye foleni ya Kongowea ana sekunde chache. Kipande kisogee kidogo tu, chini ya unene wa mguu wa herufi.

MzeeWaBrashi:
Na namba ya simu usiikate.

Sina_Kompyuta:
Alitaka nikate na namba.

Ruwaza_Bamburi:
Kataa. Akipigiwa mtu mwingine atakuja kwako.