Baba mdogo anakuja Tokyo, nataka kumlisha tonkatsu, ila ana mwenzake Mwislamu. Naomba ushauri

Mwana_wa_Rungwe
Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Nasoma hapa Tokyo, mwaka wa kwanza. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza, anakuja kikazi wiki ijayo. Alhamisi jioni ana nafasi na kaniambia nichague mimi pa kula. Nataka safari hii nilipe mimi, kwa hela ya kuosha vyombo ninayopata wikiendi. Nina yeni 4,000, basi.

Nimewaza tonkatsu, yaani nguruwe wa kukaangwa kwenye ganda la chenga za mkate, kwa sababu mzee anapenda kitimoto tangu namjua. Ila yananitatiza mambo matatu.

Kwanza, mwezi uliopita niliingia peke yangu kwenye mgahawa mmoja wa bei nafuu. Mlangoni kuna mashine ya tiketi za chakula, maandishi yote kanji (herufi za Kijapani), nyuma yangu watu wanne wamepanga foleni. Nikabonyeza tu. Ikaja sahani ya kabichi peke yake. Sitaki yanikute hayo mbele ya mzee.

Pili, kwenye menyu kuna nyama ya rosu na ya hire, sijui tofauti yake.

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi: anafuatana na mfanyakazi mwenzake wa Unguja, Mwislamu, mtu mzima mstaarabu sana. Naona kwenye menyu kuna kamba na samaki pia. Je, tunaweza kwenda wote watatu?

Kisiki_cha_Mpingo
Karibu mdogo wangu, na hongera kwa moyo huo.

Mashine nyingi siku hizi ni za kugusa kioo, na pembeni kuna kitufe cha kubadili lugha. Kitafute hicho kabla ya kutia hela. Kisha chagua kilichoandikwa teishoku, maana yake ni seti kamili: nyama, wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa), kabichi na achari kidogo. Ulichokipata wewe ni sahani ya nyongeza, na wengi tumeanzia hapo.

Rosu ni nyama ya mgongoni yenye ukanda wa mafuta upande mmoja. Hire ni steki tupu, laini, haina mafuta, na huwa ghali kidogo. Kwa mtu wa kitimoto, rosu bila kufikiri mara mbili. Ule ukanda wa mafuta ndio wenye utamu.

Kwenye migahawa ya bei nafuu seti ya rosu unaipata chini ya yeni 1,000. Bakshishi hakuna Japani. Ukiacha hela mezani watakukimbiza nayo hadi barabarani.

Fundi_Rangi
Hilo la tatu mbona jepesi. Huyo mzee aagize kamba wa kukaanga, nyie kuleni vyenu. Meza moja, kila mtu na sahani yake.

Bint_Malindi_Unguja
Fundi, samahani, hapo unampoteza mtoto wa watu.

Mimi ni Mwislamu na nimeishi Japani miaka tisa. Kwenye mgahawa wa tonkatsu, kamba, samaki na kuku kwa kawaida wanaingia kwenye mafuta yaleyale yaliyokaangiwa nguruwe. Na wapishi wengi wa tonkatsu hukaangia hasa mafuta ya nguruwe yenyewe, ndiyo yanayotoa ile harufu. Hata supu, kuna sehemu wanakuletea tonjiru, ambayo ndani yake mna vipande vya nguruwe. Kwa hiyo atakachobaki nacho ni wali na maji.

Mwana wa Rungwe, huyo mzee akiwa mstaarabu kama unavyosema, hatakwambia kitu. Atakaa, atatabasamu, atasema ameshiba. Nawajua wazee wetu. Usimfikishe hapo.

Alhamisi waende wote Asakusa, mtaa wa hapo Tokyo, kuna migahawa ya halali kadhaa, ikiwemo ya rameni (tambi za mchuzi). Baba yako mdogo hatapungukiwa kitu. Tonkatsu mpeleke siku nyingine, nyie wawili tu.

Kisiki_cha_Mpingo
Naungana na Bint. Tena mchana ndio wakati wa tonkatsu, migahawa mingi ina seti za mchana za bei ya chini. Kama wanafikia Ueno, Asakusa ni kituo cha tatu kwa treni ya Ginza.

Mengine ya mezani: nyama inakuja imeshakatwa vipande, kwa hiyo vijiti vinatosha. Haradali ile ya njano paka kidogo sana, inapanda puani. Sosi usimwagie nyama yote, ganda litalowa na ule mlio wa kutafuna utapotea. Ukiletewa kinu kidogo chenye ufuta, usage kwanza, kisha tia sosi humo na uchovye. Na kabichi usiiache. Inakata mafuta, kama kachumbari kwetu. Sehemu nyingi wali na kabichi unaongezewa bure, sema tu "okawari".

Mzee_wa_Kobe
Mwambie na historia kidogo, wazee wanapenda. Katsu inatokana na katsuretsu, yaani katleti ya Kizungu iliyotamkwa Kijapani. Mgahawa wa Rengatei pale Ginza, Tokyo, ndio unaotajwa kuanza kukaanga nguruwe kwa mafuta mengi mwaka 1899. Halafu katsu ni pia neno la kushinda, ndiyo maana wanafunzi hula katsudon, yaani bakuli la wali lenye katsu juu, wakikaribia mitihani. Wewe mwanafunzi, yeye kakulipia ada. Hapo una maneno ya kumwambia.

Mwana_wa_Rungwe
Mrejesho, wakuu.

Alhamisi tulikwenda Asakusa, tukala rameni ya halali. Yule mzee wa Unguja alipoona cheti ukutani alinishika bega, akakaa hivyo muda, hakusema neno. Bakuli alimaliza hadi mchuzi.

Ijumaa mchana nikamchukua baba mdogo peke yake. Kitufe cha lugha nilikiona, Kisiki, kiko juu kulia. Rosu mbili. Kipande cha kwanza alikila kikavu, bila sosi, akafumba macho, akauliza hili ganda wanalipikaje. Nikamwambia ni chenga za mkate, kubwa kuliko za kwetu. Akaongeza wali mara mbili. Ile ya mitihani nilimwambia tukiwa tunanyanyuka. Akauliza mtihani wangu ni lini, nikamwambia mwezi wa saba, akaandika kwenye simu yake.

Jumla kwa siku mbili nimezidisha bajeti kwa yeni 1,300. Bint Malindi, mzee wa Unguja anakusalimu sana. Anauliza kama Osaka nako kuna mahali pa halali, anakwenda Jumatatu.